Joto na Chumba Kilichofungwa: Kumbukumbu za Chicago ya 1995

Mjadala kuhusu iwapo joto kali la kiangazi huwaumiza maskini na watu wa jamii za wachache kuliko wengine umeendelea Marekani kwa miongo kadhaa, na mara nyingi huendeshwa kana kwamba jibu lake linaweza kupatikana kwa kusoma kipimajoto peke yake, au kwa kusoma orodha ya vipato peke yake. Wanaokanusha husema kwamba jua humwakia tajiri na maskini kwa kiwango kimoja, na kwamba anayekufa kwa joto hufa kwa sababu ya uzee wake au maradhi yake. Wanaokubali huonyesha hesabu za vifo na ramani za mitaa, nao hutoka katika hesabu hizo moja kwa moja hadi kwenye hukumu. Makala haya yanalichukua tukio moja lililochunguzwa kwa kina kuliko mengi ya aina yake, yaani wimbi la joto lililoukumba mji wa Chicago mwezi Julai 1995, na kulisoma sambamba na kumbukumbu za mwandishi, ambaye miaka hiyo alikuwa mwanafunzi kutoka Tanga, amepanga chumba katika mtaa wa Uptown upande wa kaskazini wa jiji, na jioni akifanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mwao kwa malipo ya saa. Wimbi la joto, katika maana inayotumika hapa, ni mfululizo wa siku ambamo joto hupanda mno kuliko kawaida ya mahali husika na kudumu mchana na usiku bila kuupa mwili nafasi ya kupumzika.

Tarehe 13 Julai mwaka huo kipimajoto cha uwanja wa ndege wa Midway kilifika nyuzi 41 za Selsiasi. Hewa ilikuwa imebeba unyevu mwingi, na kwa hiyo joto linalohisiwa, ambacho ni kiwango kinachopatikana kwa kuunganisha joto la hewa na unyevu wake ili kueleza mzigo unaoupata mwili, lilipita nyuzi 50. Mitambo ya umeme ilizidiwa na maelfu ya kaya yakabaki gizani. Watu walifungua mabomba ya zimamoto yaliyo kando ya barabara ili wajimwagie maji, hata mitaa kadhaa ikakosa maji majumbani kwa kupungua nguvu ya msukumo. Hospitali zaidi ya 20 zilifikia hatua ya kuyarudisha magari ya wagonjwa kwa kukosa nafasi ya kupokea wa dharura. Nje ya ofisi ya mchunguzi wa vifo wa Kaunti ya Cook yaliegeshwa malori yenye majokofu, kwa sababu chumba cha maiti kilikuwa kimejaa na magari ya polisi yalikuwa bado yanapanga foleni. Hesabu iliyofanywa baadaye ilionyesha kwamba katika juma la tarehe 14 hadi 20 Julai walikufa watu 739 zaidi ya wale ambao kwa kawaida wangekufa katika juma la namna hiyo.

Hesabu hiyo ya watu 739 ni ya vifo vya ziada, nayo inahitaji kuelezwa, maana ubishi mwingi uliofuata ulitokana na kutoielewa. Joto haliachi jeraha. Anayekufa kwa joto mara nyingi huandikwa kuwa amekufa kwa moyo, figo au pumu, na ndiyo maana wataalamu wa takwimu za afya huacha kutegemea cheti kimoja kimoja, wakachukua jumla ya vifo vyote vya kipindi fulani na kuilinganisha na jumla ya kawaida ya kipindi hicho katika miaka mingine. Mchunguzi mkuu wa vifo, Daktari Edmund Donoghue, alipotangaza kwamba mamia ya watu wameuawa na joto, Meya Richard M. Daley alizitilia shaka hesabu hizo hadharani, na kwa siku kadhaa jiji likawa linajadili kama maiti zilizokuwa mbele yake zilikuwa kweli za joto. Wachunguzi wa serikali kuu waliofika baadaye waliikubali kazi ya Donoghue, na takwimu za vifo vya ziada zilidhihirisha kwamba alikuwa amehesabu pungufu kuliko hali halisi. Hoja nyingine iliyotolewa, kwamba waliokufa walikuwa wazee na wagonjwa ambao wangekufa tu wiki chache baadaye, ilipimwa pia. Kama ingekuwa kweli, vifo vingepungua chini ya kawaida katika majuma yaliyofuata kwa kiasi kinachokaribia ongezeko lile, na upungufu ulioonekana ulikuwa mdogo mno kuweza kulifidia. Wengi wa waliokufa walikuwa bado na miaka ya kuishi.

Namna joto linavyoua ni jambo la kuelewa kabla ya kuuliza linamuua nani. Mwili wa binadamu hujipoza kwa kuipeleka damu karibu na ngozi na kwa kutoa jasho, ambalo likikauka huondoka na joto. Hewa ikiwa na unyevu mwingi jasho halikauki, hutiririka bure, na moyo huendelea kusukuma damu kwa nguvu bila faida. Kwa mzee, ambaye moyo wake umechoka na ambaye hahisi kiu kama kijana, au kwa mtu anayetumia dawa fulani za shinikizo la damu au za magonjwa ya akili, uwezo huo hupungua zaidi, na joto la ndani ya mwili likizidi nyuzi 40 huja hali inayoitwa kiharusi cha joto, ambapo mtu huchanganyikiwa, hupoteza fahamu, na viungo vya ndani huanza kushindwa kimoja baada ya kingine. Hali hiyo kwa kawaida hujijenga kwa siku mbili tatu, na usiku ndio unaoamua, kwa kuwa mwili uliopata saa chache za ubaridi hujirudisha, na usioupata huamka ukiwa na deni la jana juu ya mzigo wa leo. Katika zile siku za Julai usiku wa katikati ya Chicago haukupoa.

Sababu ya usiku kutopoa ilikuwa ni mji wenyewe. Tangu mwanzoni mwa karne ya 19, Luke Howard alipolinganisha vipimo vya London na vya mashambani jirani, imejulikana kwamba mji huwa na joto kuliko viunga vyake, hasa usiku, na hali hiyo sasa huitwa kisiwa cha joto. Lami, saruji na matofali hunyonya joto mchana na kulitema polepole usiku. Miti, ambayo ingetoa kivuli na kupoza hewa kwa maji yanayovukizwa na majani yake, imekatwa au haikupandwa kamwe. Majengo mengi ya Chicago ni ya matofali ya ghorofa tatu yenye paa bapa lililopakwa lami nyeusi, yaliyojengwa na watu waliokuwa wakiiogopa Januari kuliko Julai, na ghorofa ya juu ya jengo la namna hiyo, baada ya siku tatu za jua, huwa kama tanuri la mkate ambalo moto wake umezimwa lakini kuta zake bado zinaoka. Mwandishi anakumbuka kuuweka mkono ukutani mwa chumba chake saa sita usiku na kuuondoa. Mtu aliyekulia Tanga si mgeni wa joto lenye unyevu, lakini nyumba za kwao zina baraza, zina madirisha yanayotazamana ili upepo wa kusi upite, na jioni watu huhamia nje. Khanga aliyoilowesha na kuitundika dirishani Uptown, kama alivyozoea kuona nyumbani, ilikaa na maji yake mpaka asubuhi. Hewa haikuwa na mahali pa kuyaweka.

Katika jengo hilo, mwishoni mwa ukumbi wa ghorofa ya juu, aliishi mzee mmoja mzungu aliyetoka katika milima ya Appalachia, mmoja kati ya wengi wa kwao waliokuja Uptown kutafuta kazi za viwandani baada ya Vita Kuu ya Pili. Alikuwa akiwasalimu vijana wa Kiafrika kwa kuinua kofia, na salamu yake ilikuwa hiyohiyo na wala hakuongeza neno. Jumapili ya juma lile la joto, msimamizi wa jengo aliufungua mlango wake kwa ufunguo wa akiba, polisi wawili wakiwa nyuma yake na wapangaji wachache ukumbini, mwandishi akiwa mmojawao. Feni ya mezani ilikuwa bado inazunguka, imeelekezwa kitandani. Dirisha lilikuwa limepakwa rangi juu ya rangi miaka nenda miaka rudi, mpaka ubao wake ukashikana na fremu, na mmoja wa polisi alipojaribu kulifungua ili hewa iingie alishindwa, akalipiga kwa kitako cha tochi. Mambo hayo mawili, feni na dirisha, yanaeleza mengi kuliko umri wa marehemu. Feni humsaidia mtu hasa pale hewa inapokuwa na ubaridi kuliko ngozi yake. Hewa ikizidi joto la ngozi, feni huupulizia mwili wa mzee joto jingine, na ikiwa chumba hakina pa kutolea hewa, inachofanya ni kuizungusha hewa ileile. Mzee yule alikuwa na umeme, na alikuwa na feni. Alikuwa maskini, lakini hakuwa wa jamii ya wachache, na anayetaka kueleza vifo vya Chicago kwa rangi ya ngozi peke yake hana budi kumweka naye katika hesabu.

Hata hivyo hesabu ya jumla haikuwa na usawa. Takwimu zilipowekwa sawa kwa umri, ili jamii yenye wazee wengi isionekane kufa zaidi kwa sababu hiyo tu, Wamarekani Weusi walionekana kufa kwa kiwango cha mara moja na nusu ya wazungu. Takriban robo tatu ya marehemu walikuwa na umri wa miaka 65 au zaidi, na wanaume walikuwa katika hatari kubwa kuliko wanawake, ingawa wazee wanaoishi peke yao wengi wao ni wanawake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996 katika jarida la tiba la New England, uliofanywa kwa kuwalinganisha waliokufa na majirani zao waliosalimika, ulionyesha kwamba waliokuwa hatarini zaidi ni wagonjwa wasiotoka kitandani, wanaoishi peke yao, wasiotoka nje kila siku, na wanaokaa ghorofa ya juu, na kwamba kiyoyozi kinachofanya kazi, usafiri, na kuwa na watu wa karibu vilikuwa kinga. Orodha hiyo, ukiitazama vizuri, ni maelezo ya chumba na ya mlango. Inamhusu mtu ambaye hakuna anayeingia kwake, na ambaye mwenyewe hatoki.

Hapo ndipo penye jambo lililowatatiza wengi. Walatino wa Chicago, ambao walikuwa karibu robo ya wakazi na ambao wengi wao walikuwa maskini, walikuwa asilimia 2 tu ya waliokufa. Ujana wa jamii hiyo unaeleza sehemu ya tofauti, bali si yote. Mwanasosholojia Eric Klinenberg, katika kitabu chake Heat Wave kilichotoka mwaka 2002, aliilinganisha mitaa miwili ya upande wa magharibi inayopakana. North Lawndale, wenye wakazi karibu wote Weusi, ulipoteza watu 40 kwa kila wakazi 100,000. South Lawndale, unaojulikana zaidi kama Little Village, wenye wakazi wengi wa asili ya Meksiko, ulipoteza wasiofika 4. Idadi ya wazee maskini na ya wazee wanaoishi peke yao katika mitaa hiyo haikutofautiana sana. Kilichotofautiana, kwa maelezo yake, kilikuwa barabara: Little Village ulikuwa na Mtaa wa 26 uliojaa maduka, wachuuzi na kina mama waliotoka kanisani, na mzee aliyezidiwa na joto alikuwa na mahali pa kwenda na sababu ya kutoka, hata wazee wa kizungu waliobakia humo baada ya watoto wao kuhama, ilhali North Lawndale ulikuwa na viwanja vitupu, nyumba zilizotelekezwa, na biashara ya dawa za kulevya kwenye kona.

Mwandishi alikuwa akienda North Lawndale jioni kwa basi, kumhudumia bibi mmoja mjane aliyezaliwa Mississippi na kuja Chicago akiwa binti. Mlango wake ulikuwa na makufuli matatu na mnyororo, na kila moja lilifunguliwa kwa zamu yake baada ya bibi kuuliza nani na kujibiwa kwa sauti anayoijua. Madirisha ya upande wa uchochoro yalikuwa yamepigiliwa misumari na mwanawe marehemu baada ya wezi kuingia mara ya pili. Kiyoyozi alikuwa nacho, cha dirishani, na juu yake aliweka bili ya umeme iliyokunjwa, kwa maelezo yake ili aione kabla ya kukigusa. Katika juma lile aliokolewa na mjukuu wake, dereva wa malori, aliyepita kumchukua bila kuombwa akampeleka kwake nje ya jiji. Na bibi mwenyewe alisema baadaye kwamba wafanyakazi wa jiji wangebisha hodi siku hiyo asingewafungulia. Hofu yake haikuwa ujinga. Ilitokana na miaka mingi ya kuishi mahali ambapo anayebisha usiyemjua huwa hajaja kwa heri.

Namna mahali hapo palivyofikia hali hiyo ni sehemu ya jibu la swali la rangi, na si sehemu ndogo. Katika miaka ya 1930 shirika la serikali kuu lililoshughulikia mikopo ya wenye nyumba lilichora ramani za miji zaidi ya 200, likaipaka rangi nyekundu mitaa iliyohesabiwa kuwa ya hatari kwa mkopeshaji, na kuwapo kwa wakazi Weusi kulitosha mara nyingi kuupa mtaa rangi hiyo. Wakopeshaji waliikwepa mitaa ya namna hiyo kwa miongo. Weusi waliohamia North Lawndale katika miaka ya 1950, wakinyimwa mikopo ya kawaida, walinunua nyumba kwa mikataba ambayo ilimwacha muuzaji na hati mpaka senti ya mwisho, na mnunuzi aliyekosa kulipa mwezi mmoja aliweza kupoteza kila kitu. Dhidi ya mikataba hiyo wakazi wenyewe waliunda chama chao mwaka 1968. Martin Luther King alihamia na familia yake katika nyumba ya kupanga ya mtaa huo mwaka 1966 ili kuonyesha ulimwengu hali ya makazi yake. Ghasia zilizofuata kuuawa kwake mwaka 1968 ziliunguza maduka ambayo mengi hayakujengwa tena, viwanda vilihama, na mtaa uliokuwa na watu wapatao 125,000 mwaka 1960 ukabaki na chini ya 50,000 mwaka 1990. Katika miji mingi matokeo ya ramani hizo yamepimwa kwa nyuzi: utafiti uliotolewa mwaka 2020 ukihusisha maeneo 108 ya miji ya Marekani uligundua kwamba katika asilimia 94 ya maeneo hayo mitaa iliyopakwa rangi nyekundu zamani ina uso wa ardhi wenye joto zaidi leo kuliko mitaa ambayo haikupakwa, kwa wastani wa nyuzi 2.6. Mwaka uliofuata utafiti mwingine, uliohusu miji 175 mikubwa, uligundua kwamba katika yote isipokuwa 6 mtu asiye mzungu kwa wastani anaishi mahali penye kisiwa kikali zaidi cha joto kuliko mzungu, na kwamba umaskini peke yake hauelezi tofauti hiyo.

Maelezo ya Klinenberg hayakupokewa bila kupingwa, na upinzani wenye uzito zaidi ulitoka kwa mwanasosholojia mwenzake, Mitchell Duneier, ambaye baadaye alirudi kwenye anwani za marehemu na kuzungumza na waliowafahamu. Alieleza kwamba ni kosa la hoja kuchukua sifa ya mtaa na kumvika mtu mmoja aliyefia humo. Mtaa unaweza kuwa wenye upweke na marehemu wake wakawa na jamaa, na mtaa unaweza kuwa na shamrashamra na marehemu wake akawa hana mtu. Idadi za vifo katika mtaa mmoja mmoja, aliongeza, ni ndogo, na idadi ndogo hudanganya. Hoja hiyo ina haki yake. Mzee wa Uptown, mtaa uliokuwa na watu barabarani usiku kucha, ni mfano wake. Lakini inachokidhoofisha ni uhakika wa kumweleza marehemu mmoja, na haiondoi tofauti ya viwango kati ya mtaa na mtaa, ambayo wachunguzi wengine walioichambua mitaa mingi kwa pamoja waliikuta ikifuatana na kudorora kwa biashara za mtaani. Ushahidi ulio imara kuliko wote, kwa maoni ya mwandishi, haupatikani kwa kuwalinganisha Weusi na Walatino hata kidogo. Unapatikana katika kuilinganisha mitaa miwili ya Weusi upande wa kusini: Englewood, uliopoteza watu 33 kwa kila 100,000, na jirani yake Auburn Gresham, uliopoteza 3, kiwango kilichokuwa chini ya kile cha mitaa mingi ya wazungu wenye nafasi. Auburn Gresham haukuwa umepoteza watu wake. Ulikuwa na maduka, makanisa, na vyama vya majirani wa barabara mojamoja vilivyojua nani mgonjwa na nani yuko peke yake.

Mama mmoja wa Mombasa, aliyekuwa akifanya kazi ileile ya kuwahudumia wazee na ambaye zamu zake zilikuwa Auburn Gresham, aliyasema hayo miaka mingi kabla ya kuyasoma popote. Alipoulizwa na mwandishi, kwenye kituo cha basi, wazee wake walikuwaje katika joto lile, alijibu: "Wangu wazima wote, mwanangu. Kila nikifika nakuta jirani keshatangulia na barafu, mpaka naona mie sina kazi." Kauli hiyo inabeba jambo ambalo pande zote mbili za mjadala hulipita. Kinachomfikia mzee katika joto ni mtu, na mtu hufika pale tu penye barabara ya kupitika na mlango unaoweza kufunguliwa bila hofu. Barabara na mlango huo vimegawanywa Marekani kwa fedha na kwa rangi kwa pamoja, kwa sheria na mikataba ambayo tarehe zake zinajulikana. Kwa hiyo anayesema kwamba joto linawaumiza maskini anasema kweli, na anayesema kwamba linawaumiza Weusi anasema kweli, lakini wote wawili huwa wameacha nje namna linavyofanya hivyo, na bila kuijua namna hiyo hakuna anayeweza kuzuia.

Kwamba inaweza kuzuiwa si jambo la kudhania. Chicago ilipopatwa na joto jingine kali mwaka 1999, jiji lilitangaza hatari mapema, likafungua kumbi zenye viyoyozi, likatoa usafiri wa bure kwenda huko, na kuwatuma polisi na watumishi wake kubisha hodi kwa wazee wanaoishi peke yao. Walikufa watu zaidi ya 100, ambao si wachache, lakini si 739. Ufaransa, ambako joto la Agosti 2003 liliua watu karibu 15,000, wengi wao wazee, na huko Paris wengi wakiwa katika vyumba vidogo vya darini chini ya mapaa ya bati la zinki wakati jamaa na madaktari wamekwenda likizo, ilijifunza jambo lilelile na kuzitaka serikali za mitaa kuweka daftari la wazee na walemavu wanaoomba kupigiwa simu joto linapopanda.

Kwingineko mambo yamekwenda kinyume. Kaunti ya Maricopa jimboni Arizona, ulipo mji wa Phoenix, ni mahali ambapo kiyoyozi ni cha lazima na karibu kila nyumba inacho, na bado mwaka 2023, mwaka ambao Phoenix ulikaa siku 31 mfululizo kwenye nyuzi 43 na zaidi, watu 645 walikufa kwa sababu zinazohusiana na joto. Karibu nusu yao hawakuwa na makazi. Kati ya waliofia ndani ya nyumba, wengi walikuwa na kiyoyozi kilichoharibika, kilichozimwa, au kisicho na umeme, na hapo inarudi bili iliyokunjwa juu ya kiyoyozi, kwa sababu mpango wa serikali kuu wa kuwasaidia maskini kulipia nishati uliundwa kwa kuifikiria baridi na mpaka leo fedha zake nyingi huishia kwenye kupasha nyumba joto.

Mazoea ya kuiona baridi pekee kuwa ndiyo adui yamo pia katika sheria za nyumba, na Chicago yenyewe ilikumbushwa hilo mwezi Mei 2022. Katika jengo la wazee mtaani Rogers Park, kaskazini mwa Uptown, wanawake watatu walikutwa wamekufa vyumbani mwao siku ya Jumamosi baada ya joto kupanda ghafla, mapema kuliko ilivyotarajiwa, huku mfumo wa kupasha jengo joto ukiwa bado unafanya kazi. Wapangaji walikuwa wamelalamika siku kadhaa, na kanuni za jiji zilizomtaka mwenye nyumba ahakikishe joto la ndani halishuki hadi tarehe 1 Juni zilitajwa kuwa sababu ya kutozima. Mwezi uliofuata baraza la jiji lilipitisha agizo kwamba majengo ya wazee, majengo marefu, na yale yenye vyumba vingi yawe na angalau ukumbi mmoja wa pamoja wenye ubaridi, joto linalohisiwa linapofikia kiwango kilichowekwa. Ni sheria nzuri, na mzee anayeishi katika jengo la namna hiyo ana mahali pa kushukia kwa lifti. Nyumba za matofali za ghorofa tatu, zisizo na lifti wala ukumbi, ambazo zimejaa North Lawndale na Englewood, hazimo katika agizo hilo.